Betri za gari-nyumba hazijai: utengeneze konveta iliyopo, uibadilishe, au uhamie kwenye inveta-chaja?

Trela imechomekwa kwenye nguzo ya umeme ya kambi usiku kucha. Taa zinawaka, feni inazunguka, hakuna dalili ya tatizo. Kesho yake mnahamia msituni kusiko na umeme, na saa nne usiku pampu ya maji inaanza kukohoa. Hapo wengi huchukua simu na kuagiza konveta mpya. Mara nyingi ile ya zamani haina kosa lolote, na mpya ikifungwa palepale kwa nyaya zilezile, matokeo yatakuwa yaleyale.

Konveta, kwa aliyenunua gari-nyumba lake la kwanza Marekani au Kanada, ni kisanduku kinachopokea umeme wa volti 120 na kutoa wa volti 12. Kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinalisha taa, pampu na bodi ya friji, na kinachaji betri. Kazi ya kwanza ni rahisi, kwani taa huridhika hata na volti 12.5. Ya pili ndiyo ngumu. Betri ya asidi haijai kwa wakati unaofaa mpaka ipate volti 14.4 hivi, tena izipate kwenye vichwa vyake yenyewe, si kwenye mlango wa konveta iliyo mita 4 au 5 nyuma yake. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na volti zinazofika betrini. Ampea zilizoandikwa kwenye lebo zinafuata baadaye.

Pima kabla ya kulinganisha chochote

Multimita ya kawaida inatosha kwa sehemu kubwa. Ukitaka kuona ampea, tafuta mita ya kubana waya inayosoma DC, yaani umeme wa betri. Nyingi za bei nafuu husoma AC tu, ule wa nyumbani, na kwenye waya wa betri zitakuonyesha sifuri ukadhani konveta imekufa. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kugusa vichwa vya betri.

Chomoa trela, zima mizigo yote, acha betri itulie saa chache, kisha pima kwenye vichwa vyake. Betri ya asidi iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7, iliyobakiza nusu husoma 12.2 hivi. Ikiwa chini ya 10.5 bila mzigo wowote, shuku seli iliyokufa. Betri ya namna hiyo hakuna konveta itakayoifufua. Lithiamu (LiFePO4) iliyojaa hutulia kwenye 13.3 hadi 13.4. Ikisoma sifuri, au volti mbili tatu zisizoeleweka, bodi yake ya ulinzi, ile BMS, imejifunga, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Sasa chomeka umeme, subiri dakika chache, pima tena palepale. Kisha pima kwenye vituo vikubwa vya kutokea vya konveta yenyewe, nyuma ya ubao wa fyuzi. Kuwa mwangalifu: sanduku hilohilo lina breka za volti 120, na kuna nyaya hai sentimita chache tu kutoka hapo unapopima. Sasa una namba mbili, na zinaweza kukuambia mambo matatu.

Konveta inasoma 13.6 na betri bado iko 12.4: konveta ni nzima, njia ndiyo imekatika. Anza na swichi ya kutenganisha betri, ile ya mlangoni. Kwenye trela nyingi ikizimwa, taa huendelea kuwaka kwa umeme wa konveta huku betri ikiwa haipati kitu, na mtu anaweza kukaa msimu mzima asijue. Ukitoka hapo angalia fyuzi au breka ndogo iliyo karibu na betri, halafu boliti ya waya hasi kwenye chasisi. Watengenezaji wengi hutumia chasisi kama njia ya kurudishia hasi, na boliti hiyo hukaa chini ya gari ikila chumvi ya barabarani. Ifungue, sugua mpaka chuma king'ae, kaza upya.

Zote mbili ziko chini, mfano 12.3 na 12.3: konveta haitoi kitu. Usiitoe bado. Pima kama volti 120 zinafika kwenye soketi yake au kwenye breka yake. Kama zinafika, tazama fyuzi mbili au tatu za ampea 30 au 40 zilizo usoni pake. Hizo huungua betri inapofungwa kinyume, na huungua kwa sababu moja inayoumiza mafundi wa magari kuliko watu wote: kwenye trela za Kimarekani waya mweusi wa betri mara nyingi ndio chanya, na mweupe ndio hasi, kwa kufuata rangi za umeme wa nyumba. Fundi aliyezoea mweusi kuwa hasi anafunga, cheche moja inaruka, fyuzi zimekwenda. Weka nyingine za ukubwa uleule. Ukiweka za ampea 60 ili zisiungue tena, safari ijayo itakayoungua ni bodi.

Zote mbili zinasoma 13.6 na betri hazijai hata hivyo: hapa ama konveta haipandi kwenye hatua ya juu, ama betri zimezeeka. Betri za maji, zile za asidi zenye vifuniko vya kuongezea maji, zina jibu la moja kwa moja: haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. Baada ya kuchaji kwa muda mrefu, seli zote zisome karibu 1.265 hadi 1.275. Seli moja ikibaki chini sana ya wenzake, betri ndiyo ya kubadilishwa.

Kuna kosa moja la kambini ambalo halimo trelani kabisa. Soketi ya ampea 30 ya magari haya, TT-30, ni ya volti 120. Fundi wa nyumbani akiitazama huifananisha na soketi ya kikaushia nguo na kuiunganisha kwa volti 240. Konveta, mikrowevu na televisheni huungua kwa sekunde chache. Kabla ya kuchomeka kwenye soketi mpya iliyofungwa nyumbani kwa rafiki, ipime.

Chaguo la kwanza: kubaki na konveta, kubadilisha nyaya

Hili ndilo chaguo lisilouzwa na yeyote, na ndilo linalostahili kujaribiwa kwanza. Chukua umbali wa mita 4.5 kutoka konveta hadi betri, yaani mita 9 kwenda na kurudi, na mkondo wa ampea 50. Hizi ndizo volti zinazopotea njiani kwa waya wa shaba:

| Waya (namba ya Kimarekani) | Unene, mm² | Volti zinazopotea |
|---|---|---|
| 8 | 8.4 | 0.93 |
| 6 | 13.3 | 0.58 |
| 4 | 21.2 | 0.37 |
| 2 | 33.6 | 0.23 |

Trela nyingi hutoka kiwandani na namba 8 au 6. Konveta ikitoa 14.4, betri inaona 13.5 au 13.8. Ni kweli mkondo ukipungua hasara nayo inapungua, na mwishowe betri itafika. Tatizo ni kwamba konveta haina macho kwenye betri. Inapima volti mlangoni pake yenyewe. Waya mwembamba ukizuia mkondo, konveta inaona volti zimepanda, inadhani betri imekaribia kujaa, na inashuka mapema hadi 13.6. Wengine huona konveta yao haijawahi kufika 14.4 hata siku moja wakaiita mbovu, kumbe inadanganywa na waya.

Kujua hasara iko upande gani, pima wakati konveta inachaji kwa nguvu. Ncha moja ya mita kwenye kituo cha chanya cha konveta, nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri (utahitaji kurefusha waya wa mita). Inachosoma ndicho kilichopotea upande wa chanya. Rudia upande wa hasi. Zaidi ya 0.2 upande wowote, fuatilia kiungo kwa kiungo. Mara nyingi volti zote zinapotelea sehemu moja: kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo, breka iliyoota kutu, fyuzi iliyolegea.

Gharama ya chaguo hili ni waya namba 4 au 2, vichwa vya shaba vilivyobanwa kwa kifaa chake, na nusu siku chini ya trela. Haligeuzi konveta dhaifu kuwa bora. Lakini hakuna chaguo lingine kati ya yafuatayo litakalofanya kazi vizuri bila hili.

Isipokuwa konveta yako ni ya zamani sana, kama Magnetek 6300 za miaka ya 1980 na 1990. Hizo hushikilia volti zilezile siku zote na hutoa ampea chache tu kwa ajili ya betri, na betri ikiachwa imechomekwa wiki nzima maji yanachemka mpaka sahani zinabaki wazi. Kwa hizo usipoteze waya.

Chaguo la pili: konveta mpya ndani ya sanduku lilelile

Hapa unatoa sehemu ya chini ya sanduku la umeme na kuingiza nyingine inayolingana. Faida ni kwamba breka za juu haziguswi na waya haurefushwi. Kazi ya saa mbili kwa anayejua kushika bisibisi. Mfano unaojulikana zaidi ni kutoa WFCO WF-8955 na kuweka Progressive Dynamics PD4655, ambayo huja na ubao mpya wa fyuzi. Jedwali hili linalinganisha volti za kila hatua ya kuchaji; tatu za chini ni konveta za peke yake, zile za chaguo la tatu.

| Kifaa | Kujaza | Kumalizia | Kushikilia |
|---|---|---|---|
| WFCO WF-8955, 55 A | 14.4 V | 13.6 V | 13.2 V |
| Progressive Dynamics PD9260, 60 A | 14.4 V | 13.6 V | 13.2 V |
| IOTA DLS-55 na IQ4, 55 A | 14.8 V | 14.2 V | 13.6 V |
| PD9160ALV ya lithiamu, 60 A | 14.6 V | 14.6 V | 14.6 V |

Kwenye karatasi, mbili za kwanza ni mapacha. Zinatofautiana katika kuamua. WFCO huingia 14.4 yenyewe ikiona mkondo mkubwa, haikai hapo zaidi ya saa 4, na hushuka 13.2 baada ya saa 44 za matumizi madogo. Huna kitufe cha kuilazimisha. Progressive Dynamics za mfululizo wa 9200 zina kitufe: ukikibonyeza unaipeleka 14.4 utakapo, na taa yake ya kijani inakuambia iko wapi. Ikiwaka bila kukatika iko 14.4, ikipepesa kila sekunde iko 13.6, ikipepesa mara moja kila sekunde 6 hadi 8 iko 13.2. Tena inapokuwa kwenye kushikilia hupanda 14.4 kwa dakika 15 kila baada ya saa 21, ili asidi isijitenge chini na sahani zisiote ugumu. Kwa betri za maji zinazokaa zimechomekwa majira yote ya baridi, hilo tu linatosha kuamua.

Uzito wa hizo volti unaonekana kwenye jaribio walilochapisha Progressive Dynamics wenyewe kwa betri ya 125 Ah (ampea-saa). Kwa 14.4 ilifika asilimia 90 kwa saa 3 hivi; kwa 13.6 ilihitaji saa 40, kwa 13.2, saa 60. Ndiyo, ni jaribio la muuzaji. Lakini anayechaji kwa jenereta kwa saa 3 jioni ataliona jambo lenyewe kwenye mita yake bila kumtegemea yeyote: konveta iliyokwama 13.6 inamchomea petroli bure.

IOTA ni chaguo la mwenye betri za gofu. Zile za volti 6, kama Trojan T-105 za 225 Ah zikifungwa mbili mfululizo, zinapenda volti za juu kidogo, na 14.8 inawafaa. Bila IQ4, kile kifaa chake cha kupanga hatua za kuchaji, DLS-55 hukaa 13.6 tu. Ina tundu dogo linalofanana na la simu. Ukichomeka plagi yake inapanda 14.2. Watu wengi wananunua iliyotumika bila IQ4 kisha wanashangaa kwa nini ni mvivu.

Kuna pia matoleo yanayodai kutambua yenyewe kama betri ni ya asidi au lithiamu. Urahisi wake unavutia, lakini usiyaamini mpaka upime volti siku ya kwanza na siku ya tatu.

Chaguo la tatu: konveta ya peke yake, karibu na betri

Hili, kwa wanaolala nje ya kambi za umeme na betri za asidi, ndilo tunaloliweka mbele ya yote. Badala ya kuleta waya mnene wa volti 12 kutoka nyuma, unapeleka waya wa volti 120 mbele na kuifunga PD9260 au DLS-55 mita 1 kutoka kwenye betri. Ampea 60 za volti 12 ni ampea 11 hivi tu upande wa 120, kwa hiyo waya wa kawaida wa nyumba unatosha. Sanduku la zamani linabaki kuwa ubao wa fyuzi tu. Konveta yake unaichomoa kabisa. Ukiziacha zote mbili zinafanya kazi, moja itaona volti za mwenzake na kulala.

Masharti yako matatu. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha chanya cha betri, kwa sababu betri ndiyo yenye nguvu ya kuyeyusha waya, si konveta. Konveta isiwekwe ndani ya kisanduku kimoja na betri za maji: zinapochaji hutoa hidrojeni na mvuke wa asidi, cheche moja ya feni inatosha, na hata isipolipuka, bodi italiwa na kutu. Na ipate hewa. Konveta ya ampea 60 ikifanya kazi kwa nguvu zote hutoa joto la wati 100 na zaidi, na ikibanwa kabatini hupunguza mkondo yenyewe ili isiungue, nawe utaanza tena kutafuta tatizo ambalo halipo.

Jenereta nayo ina neno lake. Konveta ya ampea 55 hadi 60 huhitaji karibu wati 1000, lakini nyingi hazina marekebisho ya kipimo cha nguvu (power factor), kwa hiyo jenereta inaona mzigo wa VA 1300 hivi (volti mara ampea). Honda EU2200i hutoa wati 1800 mfululizo ikiwa usawa wa bahari. Panda milima ya Colorado, mita 2400 hivi, na unapoteza asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Umebaki na 1300. Inatosha konveta kwa shida, haitoshi konveta na birika la umeme.

Chaguo la nne: inveta-chaja

Kifaa kimoja kinachochaji na pia kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 120. Victron MultiPlus 12/3000/120 ni mfano unaojulikana: chaja ya ampea 120, volti unazipanga mwenyewe kwa aina ya betri yako, swichi ya kuhamisha umeme imo ndani, na unaweza kuiambia isichukue zaidi ya ampea kadhaa kutoka kwenye jenereta. Mpangilio huo wa mwisho usiusahau. Ampea 120 kwa 14.4 ni wati 1728 kwenye betri, karibu 1900 kwenye jenereta, na jenereta ndogo itazimika ndani ya dakika.

Kama unataka mikrowevu au kiyoyozi kwa umeme wa betri, hakuna chaguo jingine kati ya haya manne la kujadili. Kama hutaki, fikiri mara mbili. Ina uzito wa karibu kilo 20 na inataka nyaya nene kuliko zote. Ikiwa imewashwa bila kazi yoyote inakula wati 20 hivi. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 480, yaani 40 Ah. Kwenye seti ya 225 Ah ya asidi, ambayo hupaswi kuitumia zaidi ya nusu, theluthi ya akiba yako ya siku imekwenda kabla hujawasha taa. Kuna hali ya kuokoa umeme kwenye mipangilio yake. Itumie, au uizime usiku.

Kosa linalorudiwa zaidi kwenye chaguo hili ni mduara. Konveta ya zamani inaachwa kwenye saketi inayolishwa na inveta. Umeme unatoka betrini, unapita kwenye inveta, unaingia konveta, unarudi betrini, na kila hatua inakula sehemu yake. Betri zinakwisha asubuhi na hakuna kilichowashwa. Breka ya konveta lazima izimwe, au konveta iondolewe kabisa. Hata mwenye inveta ndogo ya kuchomekea plagi ya trela hukamatwa na mduara huohuo.

Ukiwa na lithiamu

Hapa pesa nyingi hupotea kwa hofu. Betri moja ya 100 Ah kwenye konveta ya kawaida ya 13.6 hufika karibu na kujaa. Inachelewa tu mwishoni. Kinachokosekana ni kusawazisha seli, ambako bodi za ulinzi nyingi huanza zikivuka volti 14 hivi. Konveta yenye kitufe cha 14.4 inalimaliza hilo mara moja kwa mwezi. Mwenye betri moja na safari chache hana haja ya kubadilisha kitu.

Kwa 200 Ah na kuendelea, mambo ni tofauti. Lithiamu haisiti kama asidi. Inachukua ampea zote inazopewa kwa saa nyingi, na waya namba 8 uliovumilia betri za asidi miaka kumi unapata joto la kushikika. Weka namba 4 au zaidi, konveta yenye hatua ya 14.4 hadi 14.6, na mkondo usiozidi nusu ya Ah za seti. PD9160ALV inayoshikilia 14.6 bila kushuka ni nzuri kwa kujaza haraka, ila trela ikikaa imechomekwa miezi, zima breka yake. Usiiweke kamwe kwenye betri za maji: utazichemsha.

Betri ikionyesha sifuri baada ya kuisha kabisa, bodi imejifunga na baadhi ya konveta hazitaanza kuichaji. Iunganishe kwa dakika chache na betri nyingine ya lithiamu, au tumia chaja yenye hali ya kuamsha. Na chini ya nyuzi 0 usichaji. Minnesota mwezi wa Januari, bodi isiyo na kinga ya baridi itaruhusu chaji na seli zitaharibika kimyakimya. Huoni kitu mpaka miezi baadaye uwezo unapokuwa nusu.

Na kuchaji ukiwa barabarani?

Waya wa chaji wa plagi ya pini 7, ile inayounganisha gari na trela, ni mwembamba na mrefu. Tegemea ampea chache tu, na kwa magari mapya ambayo alteneta yake hushusha volti ili kuokoa mafuta, hata hizo huenda zisifike. Anayesafiri kila siku anunue chaja ya DC kwa DC ya ampea 20 hadi 40 yenye waya wake mwenyewe kutoka kwenye betri ya gari. Usijaribu kuunganisha lithiamu moja kwa moja na alteneta: inaweza kuvuta mpaka alteneta iungue.

Anayetaka kuleta trela Mombasa au Dar es Salaam

Konveta za Kimarekani zimeandikwa volti 105 hadi 130. Kwenye 240 yetu hazina hata dakika. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni transfoma ya kushusha ya VA 2000 au zaidi, na kila soketi ndani ibaki ya Kimarekani. Ya pili ni kutoa konveta na kufunga chaja ya volti 230, ukiacha ubao wa fyuzi wa volti 12 ulivyo. Ya pili ni safi zaidi, kwa sababu taa, pampu na friji ya gesi hazijali umeme unatoka wapi. Magnetek za zamani zenye transfoma ya chuma zina kasoro ya ziada: zimetengenezwa kwa hezi 60, na kwenye hezi 50 hupata joto zaidi hata volti zikiwa sahihi. MultiPlus nayo ina toleo la volti 120 na la volti 230, na haligeuzwi moja kuwa jingine kwa kubadilisha plagi.

Chochote utakachofunga, kijaribu hivi kabla ya safari. Tumia betri hadi asilimia 50, chomeka umeme, na andika volti kwenye vichwa vya betri baada ya dakika 15, saa 1 na saa 3. Betri ya asidi iliyo karibu na konveta nzuri iwe imepanda hadi 14.2 au zaidi kufikia saa ya 3. Ikibaki 13.6 au chini, na konveta yenyewe inasoma 14.4, rudi chini ya trela na sugua ile boliti ya chasisi.